Watu wa Bergen nao hawana z

Nilihamia Makambako nikiwa darasa la nne. Baba mdogo alikuwa amefungua kibanda cha spea karibu na stendi, mama mdogo amejifungua, na nyumbani Tukuyu wakaona heri niende nikamshike mtoto huku nasoma. Siku ya tatu shuleni mwalimu wa Kiswahili akaniinua nisome. Kifungu kilimhusu mfugaji na zizi lake. Nikasoma kwa sauti ya kujiamini, kama nilivyozoea kwetu: "Mfugaji alijenga sisi la ng'ombe."

Kwa asiyejua: Kinyakyusa hakina z wala v. Mdomo uliolelewa na Kinyakyusa ukikutana na zizi unatoa sisi, ukikutana na vizuri unatoa fisuri, na masikio yako mwenyewe yanakuhakikishia kwamba umesema sawasawa kabisa. Tukuyu hakuna aliyenicheka, maana aliyepaswa kucheka naye alisema hivyo hivyo, mwalimu akiwemo. Makambako ni njia panda. Kuna Wabena, Wahehe, Wakinga wa maduka, watoto wa madereva waliozaliwa Dar. Darasa lilicheka mpaka wa darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani. Mwalimu akanirudisha mara ya pili, mara ya tatu, ya nne akaniambia ninyooshe mkono.

Jina la Sisi nimelibeba mpaka mtihani wa darasa la saba. "Sisi anakuja." "Sisi umefua?" Mimi nikaanza kazi ya kuzikwepa herufi mbili. Kazi ikawa shughuli. Mzee akawa babu. Vizuri ikawa safi. Viatu vikawa raba, hata kama ni vya ngozi. Mwezi sikuupatia mbadala, kwa hiyo nilihesabu kwa wiki. Lililoshindikana kabisa nililinyamazia, na kwenye ripoti za shule walimu wakawa wanaandika "mtulivu, mwenye heshima". Mama alifurahi sana na ripoti zile.

Z niliipata baadaye, nikiwa sekondari, kwa kujifungia chooni na kuiga nyuki. Sasa hivi nasoma shahada ya ualimu Iringa, fani ya elimu ya msingi, na ukinisikia darasani huwezi kujua. Nikichoka au nikikasirika ndipo inaponiponyoka.

Hiyo ndiyo hali niliyopanda nayo ndege mwaka juzi, nilipochaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Norwei, mji wa Bergen, Agosti hadi Desemba, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mengine ya safari nayaruka. Kila anayeenda ng'ambo anayaandika: baridi ya uwanja wa ndege, koti la mtumba la Mwanjelwa ambalo lilikuwa zuri mpaka nilipofika, choo kinachojisukuma chenyewe. Theluji niliiona mara mbili tu, kidogo, kama mtu aliyepita na gunia la sembe lililotoboka. Bergen ni mji wa mvua. Inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na wenzangu waliotoka nchi kavu waliugua mioyo. Mimi wa Tukuyu nilijiona niko nyumbani. Ile mvua ya kuamka nayo, kushinda nayo na kulala nayo, na ukungu unaokaa mlimani kama umelipia pango, naijua toka tumboni. Wenyeji wanajivunia milima yao saba. Niliuliza upi mrefu, nikaambiwa ni Ulriken, mita 643. Nikawaonyesha kwenye simu Mlima Rungwe, mita 2,960. Nakiri nilifanya makusudi.

Siku mbili kwa wiki tulipelekwa shule ya msingi kwa mazoezi. Huko wanaanza la kwanza na miaka sita, na mpaka wamalize la saba hakuna mtihani wa kupewa alama wala mtu wa kwanza na mtu wa mwisho. Alama zinaanza la nane. Mimi nilipangiwa la tano, somo la Kiingereza. Watoto ishirini na watatu na watu wazima wawili, nami wa tatu. Nilisimama mlangoni nikisubiri wasimame. Unajua tena, "Shikamoo mwalimuuu", marahaba, kaeni. Hakuna aliyesimama. Mmoja alikuwa amelala chali juu ya zulia anasoma kitabu, wote wana soksi tu miguuni kwa sababu viatu vinaachwa varandani. Kisha mtoto wa kike akaniuliza jina langu, nikamwambia, na kuanzia dakika ile hadi Desemba nikawa jina langu tupu. Bila madam, bila mwalimu.

Jina langu kwa Kinyakyusa ni sentensi nzima, maana yake "ametupa", na aliyetupa ni Mungu. Nilijaribu kuwaeleza. Huku kwetu ukimtafsiria Mswahili anadhani kuna kitu kimetupwa jalalani, kwa hiyo nimezoea kulieleza kwa tahadhari. Wao waliliandika ubaoni na kulisoma mpaka wakalipatia. Wiki mbili za kwanza kila mtoto aliponiita kwa jina nilisikia kama bibi yangu amechungulia dirishani.

Jumatano ilikuwa siku ya kusomea nje. Mvua iwepo, isiwepo, wanavaa makoti ya plastiki na suruali za plastiki, wanapanda mlimani, wanahesabu misonobari, wanakula mikate yao waliyobeba ikiwa imefungwa kwenye karatasi. Chakula cha moto shuleni hakuna, mwalimu naye na mkate wake, na juu ya mkate jibini ya kahawia yenye ladha kama maziwa yaliyosahaulika jikoni na sukari ndani yake. Wiki ya kwanza sikuiweza. Wiki ya nne nilikuwa naificha mwenzangu asiimalize.

Jumatano mojawapo mwalimu wangu mlezi aliwasha moto, akageuka, akawaambia watoto waende wakatafute fimbo. Kinorwei changu kilikuwa cha wiki sita lakini hilo nililielewa, maana aliwaonyesha kwa mikono urefu na unene. Naapa viganja vyangu viliwasha. Nani hapa hajawahi kutumwa kwenda kukata fimbo ambayo atachapwa nayo mwenyewe? Wewe ukileta nyembamba unarudishwa, ukileta mbichi unasifiwa. Watoto wakatawanyika porini, wakarudi na vijiti, wakatoa visu mifukoni, visu vya kweli, miaka kumi, na kuanza kuvichonga ncha. Halafu kila mmoja akasokotea donge la unga wa ngano kwenye kijiti chake na kuchoma mkate juu ya moto. Mvulana mmoja alinichongea cha kwangu. Nilikishika kile kijiti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mkate wangu ukaungua upande mmoja.

Norwei walipiga marufuku viboko katika shule za msingi mwaka 1936, miaka 25 kabla hatujapata uhuru. Nyumbani kwa wazazi wakapiga marufuku mwaka 1987. Haya nilifundishwa darasani na nikayaandika kama nilivyoandika mengine yote. Ila kumsikia mwalimu anasema "leteni fimbo" na asiwepo mtoto hata mmoja aliyebadilika uso, hilo nililiona kwa macho.

Sasa nifike kwenye z.

Oktoba, baada ya likizo ya vuli (zamani iliitwa likizo ya viazi, watoto waliachiwa wakavune, nikawaza watoto wa Isongole kule kwetu, ambao likizo hiyo wanajipa wenyewe bila kuandikiwa), nilipewa somo langu la kwanza la kufundisha peke yangu. Nikachagua wanyama. Nilikuwa nimechapisha picha za mbuga ya Ruaha, nikajipanga na andalio la somo kurasa tatu kama ilivyo desturi yetu, na kwa wiki nzima nilijizoeza neno moja mbele ya kioo. Mnyama mwenye mistari. Kwa Kiingereza anaanza na ile herufi, na nilijua nikibabaika tu itaniponyoka, na safari hii itakuwa mbele ya watoto wa Kizungu.

Nikainua picha ya simba, wakajibu. Twiga, wakajibu. Nikainua ile ya tatu, kabla hata sijauliza, darasa zima likapaza sauti:

"Sebra!"

Damu ilinipanda. Nikajua tayari, kuna mahali nimesema neno likaniponyoka, wamenisikia, wananiiga. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu nimesimama mbele ya ubao na nilikuwa na miaka kumi Makambako. Nikamwangalia mwalimu mlezi kule nyuma. Anatikisa kichwa kukubali, anatabasamu, anawasifu. Nikasema neno lile mimi, polepole, nyuki na yote. Wakarudia pamoja nami kwa bidii zote: sebra.

Mapumziko nikamuuliza. Akafikiri kidogo, akasema, ah, hiyo sauti hatuna. Akatamka mwenyewe neno la Kiingereza la bustani ya wanyama, likatoka "suu". Akatamka sifuri ya Kiingereza, ikatoka "siro". Kiingereza cha mama yule ni kizuri kuliko changu, amesoma mpaka shahada ya pili, na z hana, wala haimsumbui kwamba hana. Akanifungulia kamusi yao. Punda milia kwa Kinorwei anaandikwa sebra, kwa s. Madini ya zinki, ambayo Waingereza wanayaandika kwa z, wao wanaandika sink. Hawakuhangaika na nyuki. Waliliingiza neno nyumbani wakalivika nguo za nyumbani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikamsimulia yote, zizi, sisi, mkono ulionyooshwa, maneno niliyokuwa nayakwepa. Yeye hakucheka. Aliuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikasema kumi. Akanisogezea chupa ya kahawa, tukakaa kimya, kengele ikalia.

Toka siku hiyo nilianza kuwasikiliza wale watoto kwa sikio lingine. "Mimi" kwa Kinorwei cha vitabuni huandikwa jeg. Watoto wa Bergen hawasemi hivyo, wanasema eg. Kulikuwa na binti aliyehamia kutoka kaskazini kabisa, yeye alisema æ, sauti kama ya mbuzi aliyeshtuliwa. Mmoja wazazi wake walitoka Oslo, huyo alisema ile ya kitabuni. Yaani darasa moja, "mimi" tatu, na katika miezi minne sikuwahi kumsikia mwalimu akimwambia mmoja wao sema kama mwenzako. Kwenye daftari wote waliandika jeg, na ukikosea kwenye daftari unasahihishwa. Mdomo ni wako. Mhadhiri wetu alituambia jambo hilo bunge lao lililiamua mwaka 1878, kwamba mtoto afundishwe kadiri inavyowezekana kwa lugha anayosema nyumbani, na mpaka leo sheria haimruhusu mwalimu kumlazimisha mtoto aache lafudhi yake.

Nilinyoosha mkono nikauliza kama huyo mtoto wa nyumbani ni mtoto yeyote. Sikuuliza kwa ujuzi, niliuliza kwa wivu. Mhadhiri akakaa juu ya meza. Akasema la, na kipindi kilichobaki kikaenda huko. Wasami wa kaskazini, wenyeji wenye lugha yao isiyofanana hata kidogo na Kinorwei, hawakuhesabiwa. Katika miaka hiyohiyo ya ukarimu kwa lahaja za Kinorwei, watoto wa Kisami na wa Kikven, jamii ndogo ya kaskazini yenye asili ya Kifini, walikuwa wanafundishwa wasahau lugha zao. Mwaka 1898 likatoka agizo la kubana kabisa matumizi ya lugha hizo darasani. Wengi walipelekwa shule za bweni. Iliendelea kwa vizazi, na tume iliyoundwa na bunge ilikabidhi ripoti yake juu ya mambo hayo Juni 2023. Kuna msichana mmoja darasani kwetu ambaye bibi yake ni Msami. Alisema bibi huyo mpaka leo hajawahi kuongea Kisami mbele ya wajukuu. Wanamsikia akiongea na simu, akiwaona anahamia kwenye Kinorwei. Nilikaa nikimfikiria shangazi yangu mmoja anayeishi Dar.

Novemba na Desemba nitazipitisha haraka. Kufika Desemba jua linatoka karibu saa nne asubuhi, saa tisa na nusu alasiri limezama, na katikati ni kama taa ya chemli inayoishiwa mafuta. Nililia mara mbili, moja kwa sababu ya mbalaga, ndizi za kupika za kwetu. Nilinunua parachichi kwa hela ambayo Tukuyu ingenipa ndoo nzima, nikalikata, likawa limeoza ndani.

Nilirudi, na Julai iliyofuata nikaenda mazoezi ya kufundisha, TP, nikaomba shule ya Mbeya mjini upande wa Uyole. Darasa la tatu, Kiswahili, watoto themanini na wanne. Nilikuwa na mipango mingi sana. Niliwaambia walimu wenzangu ofisini kuhusu kujifunzia nje, wakanisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akaniuliza kama huko watoto themanini unawapandishaje mlima. Sikuwa na jibu. Sina mpaka sasa.

Na nilichapa. Wiki ya pili. Kwa kanuni zetu kiboko anachapa mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mimi sikuwa na maandishi ya mtu yeyote. Nilikuwa na fimbo niliyoikuta imeegemezwa pembeni ya ubao, kelele, jasho, na mvulana wa dawati la nyuma aliyempora mwenzake penseli kwa mara ya tatu. Kimoja, mkononi. Alinyoosha mkono kabla hata sijamwambia, na alitazama pembeni kwa ustadi wa mtu mzima anayesubiri sindano. Fimbo nikaiweka kabatini. Sikuivunja, niliona nikiivunja nitakuwa naigiza. Siku zilizofuata kelele ziliongezeka, nikapoteza sauti, nikafundisha wiki moja kwa kunong'ona. Kunong'ona kulisaidia kidogo.

Wiki ya tano nikatoa imla. Katika madaftari themanini na manne, ishirini na moja yaliandika fisuri, na mengine yaliandika sawadi, sisi, fiasi. Nikayawekea wino mwekundu yote, maana mtihani wa taifa hautaki kujua mama yako anatoka wapi. Siku ya kurudisha, binti mmoja aliyetoka Busokelo nikamwinua asome. Akasoma, "Juma alipewa sawadi." Darasa likaanguka kicheko. Akakaa chini bila kuambiwa, na niliuona mdomo wake ukijifunga.

Nikaweka kitabu. Nikawaambia kuna nchi ya Wazungu, kuna mvua kama Tukuyu, na watoto wa huko hawawezi kusema z. Hawakuamini. Nikawafundisha wote waseme kama watoto wa Bergen: sebra. Themanini na wanne, sebra, mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja mlangoni kuona kuna nini. Kisha nikagawa ubao mara mbili kwa chaki, upande mmoja nikaandika "mdomoni", upande wa pili "kwenye daftari". Sawadi, zawadi. Fisuri, vizuri. Tukauliza na "mimi" zetu: kwa bibi yangu une, kwa mtoto wa Iringa nene, na watoto wa Kisafwa na Kindali wakatoa za kwao nikaandika nilivyosikia, wakanicheka mimi kwa nilivyokosea. Binti wa Busokelo alisoma tena mwisho wa kipindi. Alisema sawadi. Aliendelea na mstari uliofuata.

Msimamizi kutoka chuo alikuja wiki ya saba. Alikaa nyuma na fomu yake dakika arobaini, anaandika. Tulipotoka tukasimama chini ya mti wa mparachichi, akanipitisha kwenye fomu kipengele kwa kipengele. Zana, nzuri. Ushirikishwaji, mzuri. Udhibiti wa darasa, wa wastani. Kisha akafika kwenye alama alizokata: mwalimu hakusahihisha matamshi ya wanafunzi pale walipokosea, jambo ambalo kwa somo la Kiswahili ni kosa la msingi. Nikasema nimeelewa. Ni mtu wa Kyela, mtu mzima, mwalimu wa walimu miaka mingi.

Akafunga kalamu, akanipa mkono, akatabasamu.

"Lakini kwa ujumla, binti," akasema, "umefundisha fisuri."

Nikasema asante sana mwalimu. Nilivumilia mpaka bajaji ilipokata kona.